Mtihani wa muungano wa nyuklia uko ukutani, si kwenye saa

Tarehe 20 Januari 2025 tokamaki ya EAST iliyoko Hefei, China, chombo cha umbo la pete kinachotumia sumaku, ilishikilia plazma, yaani gesi ya moto ambayo atomi zake zimevuliwa elektroni, kwa sekunde 1,066. Hata mwezi haukuisha: tarehe 12 Februari wenzao wa WEST, kule Cadarache kusini mwa Ufaransa, wakafikisha sekunde 1,337, dakika 22 na ushei. Vichwa vya habari vikahesabu dakika, "jua la kutengenezwa" likatajwa kila kona, na msomaji akabaki na picha ya mbio za nani atatimiza saa nzima kwanza. Mbio zipo, sikatai, ila saa si kipimo chake. Plazma ya WEST siku ile ilipashwa kwa megawati 2 tu. ITER, tokamaki kubwa ya kimataifa inayojengwa jirani na hapo, imekusudiwa kuzalisha megawati 500 za muungano wa nyuklia, yaani nguvu inayotoka viini vyepesi vikiungana kuwa kizito, na moja ya tano ya nguvu hiyo itabaki ndani ya plazma kwanza kabla ya kutafuta mahali pa kutokea. Mahali penyewe ni ukutani.

Niseme hoja yangu mapema. Kikwazo kinachozungumzwa kidogo kuliko vyote katika safari ya kuelekea mtambo wa umeme ni uchafu ambao ukuta huudondosha ndani ya plazma, na kuchagua ukuta ni kuchagua uchafu utakaoishi nao. Ukilitazama suala kwa jicho hilo, habari mbili zilizopokewa vibaya miaka hii hubadilika sura. Ya kwanza ni uamuzi wa ITER, uliopendekezwa mwaka 2023 na kuingizwa katika ratiba mpya ya 2024, wa kuacha beriliamu, metali nyepesi, na kuufunika ukuta wote wa ndani kwa tungsteni, metali nzito. Ya pili ni limita za metali iliyoyeyuka, yaani vipande vinavyochomozwa ndani ili plazma iviguse kabla ya ukuta, ambazo upande mmoja unazibeza kama michezo ya maabara na upande wa pili unazinadi kama mkombozi. Zote mbili zimepimwa kwa mizani isiyo yake. Watu wanauliza ukuta utastahimili joto kiasi gani. Swali zito zaidi ni utaingiza nini ndani ya plazma, na utachukua nini kutoka humo.

Tuanze na uchafu wenyewe. Plazma ya muungano ni deuteriamu na tritiamu, aina mbili nzito za hidrojeni, iliyopashwa hadi nyuzi za Selsiasi milioni 150, ikizuiliwa na uga wa sumaku isiguse kitu. Lakini hakuna uga unaozuia kila chembe. Ioni na atomi huvuja pembezoni, huugonga ukuta, na kila pigo linaweza kuchomoa atomi ya ukuta na kuitupa ndani. Atomi hiyo hupokonywa elektroni zake moja baada ya nyingine kadiri inavyosogea kwenye joto. Ikiwa nyepesi, kama lithiamu yenye elektroni 3 au kaboni yenye 6, hufika kitovuni ikiwa uchi kabisa. Haina tena elektroni ya kupanda na kushuka ngazi za nishati na kutoa mwanga. Kinachobaki ni mionzi kidogo inayotokea elektroni huru zinapopita karibu na kiini chake na kupindishwa njia. Tungsteni ina elektroni 74, na hata nyuzi milioni 150 hazitoshi kuivua zote. Zile zinazosalia ndizo balaa: hugongwa, hupanda, hushuka, na kila zikishuka hutoa eksirei ambayo huipenya plazma kana kwamba haipo na kwenda kuishia ukutani. Nishati inatoroka katikati kabisa, pale ilipohitajika kuliko kwingine. Ndiyo maana wanaopanga bajeti ya uchafu huipa tungsteni atomi chache tu katika kila 100,000, ilhali vitu vyepesi huvumiliwa kwa asilimia.

Hata hivyo uchafu si adui kila mahali, na hapa ndipo makala nyingi hupotea. Mitambo mikubwa hupuliza neoni, nitrojeni au agoni kwa makusudi kwenye pembezo za plazma, ili gesi hizo ziangaze na kutawanya joto kabla halijatua kwenye eneo dogo la ukuta. Atomi ileile inayookoa ukuta ikiwa pembeni inaweza kuua plazma ikipenya katikati. Kwa hiyo anayesema "plazma safi" bila kutaja kitovu au pembezo hajasema kitu, na anayetoa jumla ya uchafu bila kutaja ni wa elementi gani amesema nusu tu.

Kinga ya kwanza dhidi ya haya yote ilikuwa limita: kipande kigumu kilichochomozwa ndani kidogo kuliko ukuta, kiguswe chenyewe kabla plazma haijafika kwingine. Mapema miaka ya 1950 Lyman Spitzer alipendekeza njia nyingine, divata, ambapo mistari ya sumaku ya pembezoni hupindishwa na kupelekwa kwenye chumba cha kando, ili uchafu uzaliwe mbali na kitovu. Tokamaki kubwa za leo zina divata. Limita hazijafa, kwani hata ITER itaegemeza plazma yake kwenye ukuta kama limita wakati wa kuwasha, kabla umbo la divata halijakamilika.

Sasa historia, kwa sababu bila hiyo uamuzi wa ITER hauelewiki. Maabara ya Princeton, Marekani, waliionja tungsteni mapema. Katika miaka ya 1970 tokamaki yao ya PLT ilikuwa na limita za tungsteni, na vipimo vikaonyesha kioja: badala ya katikati kuwa na joto kuliko pembeni, elektroni za kitovuni zilikuwa baridi kuliko za jirani zake, joto likabaki kama pete inayozunguka shimo. Tungsteni ilikuwa imejikusanya palepale na kuangaza nishati yote iliyoingia. Wakaondoa tungsteni, wakaweka grafiti, ambayo ni kaboni, na mwaka 1978 ioni za PLT zikafika nyuzi milioni 60. Somo lilionekana wazi. Kwa zaidi ya miaka 20 kaboni ikatawala: TFTR ya Princeton ikatoa megawati 10.7 za muungano mwaka 1994, JET ya Uingereza ikatoa 16 mwaka 1997, zote zikiwa na kuta za kaboni.

Kaboni ikaangushwa na kitu ambacho majaribio ya hidrojeni na deuteriamu pekee hayakulazimika kukihesabu kwa gramu. Inapenda kuungana na hidrojeni. Plazma huimomonyoa kikemia, mabaki husafiri na kutua kwenye vipembe na mianya, na kila tabaka linalotua hujifungia tritiamu ndani yake. Baada ya kampeni ya JET ya 1997, sehemu kubwa ya tritiamu iliyoingizwa ilibaki ndani ya chombo na ikabidi isafishwe kwa kazi ndefu. Tritiamu ni ya mionzi, nusu yake huoza kila baada ya miaka 12.3, na duniani ipo kwa makumi machache tu ya kilo. Mtambo unaokwamisha mafuta yake ukutani hauwezi kupewa leseni, achilia mbali kupata faida. Hapo ndipo tungsteni ikarudishwa kwa mlango wa nyuma. ASDEX Upgrade ya Ujerumani ilifunika kuta zake kidogo kidogo hadi ikawa tungsteni tupu mwaka 2007. JET ikang'oa kaboni na kuanza upya mwaka 2011 kwa beriliamu ukutani na tungsteni kwenye divata. ITER nayo ikaamua mwaka 2013 kuanza moja kwa moja na divata ya tungsteni.

Tazama kilichofuata JET. Tritiamu iliyokwama ilipungua zaidi ya mara kumi, ushindi usio na ubishi. Lakini plazma yenyewe ikadhoofika. Ilibidi gesi ipulizwe kwa wingi ili tungsteni isijikusanye, na gesi hiyo ikapoza pembezo na kupunguza uwezo wa plazma kutunza joto. Sumaku zilikuwa zilezile, jengo lilelile. Kilichobadilika ni ukuta. Ilichukua karibu miaka kumi ya kujifunza upya kabla JET haijatoa megajuli 59 mwishoni mwa 2021, kisha 69 mwezi Oktoba 2023, miezi miwili kabla ya kufungwa.

WEST nayo ina kisa kinachofanana. Mashine hiyo ni ileile iliyoitwa Tore Supra, ilipokuwa bado ya kaboni. Mwaka 2003 Tore Supra ilishikilia plazma kwa zaidi ya dakika 6 huku gigajuli 1.07 za nishati zikipita ndani yake. Ikafumuliwa, ikavishwa tungsteni, ikabatizwa jina jipya, na mwaka 2024 ikatangaza kwa shangwe plazma ya dakika 6 yenye gigajuli 1.15. Miaka 20 na kitu, mashine moja, karibu tarakimu zilezile. Anayesoma saa ataona kwamba hakuna kilichosonga. Ukisoma ukuta utaona kazi kubwa mno: wamerudi palepale walipokuwa, safari hii wakiwa na ukuta usiofyonza tritiamu kwa wingi, na wakiwa wamemdhibiti adui aliyeishinda PLT. Kwangu hiyo ndiyo rekodi yenye thamani kuliko zile dakika 22.

Turudi ITER. Ratiba mpya inaweka mwanzo wa utafiti mwaka 2034 na majaribio ya deuteriamu na tritiamu mwaka 2039, na kwa kuwa mabadiliko ya ukuta yalitangazwa pamoja na ucheleweshaji, wengi waliyafungasha pamoja: mradi umechelewa, sasa wanabadilisha hata kuta. Ufungashaji huo si wa haki. Beriliamu ni sumu inapokuwa vumbi, inayeyuka kwa nyuzi 1,287 tu, inamomonyoka haraka, na hakuna mhandisi anayepanga kuiweka kwenye mtambo wa kibiashara. Jaribio lililojengwa kwa ukuta ambao hautatumika kamwe lingetoa majibu ya swali ambalo hakuna aliyeuliza. Tungsteni huyeyuka kwa nyuzi 3,422, humomonyoka polepole, haifyonzi tritiamu kwa wingi. Naona waliamua vyema.

Wanaosema kwamba sasa suala la ukuta limekwisha, hao nao wameruka sentensi moja katika uamuzi uleule. ITER imeongeza mfumo wa kupaka boroni juu ya tungsteni, kwa sababu tungsteni tupu huiachia plazma oksijeni na uchafu wake yenyewe, hasa wakati wa kuwasha. WEST hupaka boroni. EAST hupaka lithiamu kama kazi ya kawaida ya matayarisho. Yaani hata katika kambi ya tungsteni, kitu kinachoigusa plazma kwa mara ya kwanza ni utando mwembamba wa elementi nyepesi. Utando huo humomonyoka, na kwenye jaribio la sekunde mia nne hilo halisumbui sana. Unapaka tena baadaye. Mtambo unaotakiwa kukimbia miezi hauna "baadaye". Itabidi utando ujazwe wakati moto unawaka. Ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho wake unajikuta unazungumzia ukuta wa majimaji, upende usipende.

Wazo la metali iliyoyeyuka si jipya. Warusi walijaribu matone ya aloi ya galiamu kama limita kwenye tokamaki ya T-3M, Wareno wakajaribu mchirizi wa galiamu kwenye ISTTOK ya Lisbon. Lithiamu ndiyo iliyovutia wengi: inayeyuka kwa nyuzi 181 na ina namba ya atomu 3, kwa hiyo uchafu wake ndio mwepesi kuliko wa metali yoyote. Tatizo likajitokeza bila kuchelewa. Katika tokamaki ya DIII-D ya San Diego, Marekani, waliweka kisahani kidogo cha lithiamu, upana wake kama sentimeta mbili na nusu, kwenye sakafu ya chombo. Ilipoyeyuka, mkondo wa umeme kutoka kwenye plazma ukapita ndani ya lithiamu na kukatiza uga wa sumaku. Mkondo unaokatiza uga huzaa nguvu ya msukumo; ndivyo mota zote zinavyozunguka. Lithiamu ikasukumwa, ikanyanyuka, ikaruka ndani, na plazma ikavunjika papo hapo. Tangu hapo kila anayepinga metali iliyoyeyuka huanza na kisahani kile.

Pingamizi hilo lilikuwa na nguvu wakati wake, lakini lilishajibiwa. Jibu lilitoka Urusi, kwenye tokamaki ya T-11M huko Troitsk: usiiache metali ikae kama dimbwi, ipandishe kupitia wavu wa nyuzi nyembamba, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Matundu ya wavu yana upana wa makumi ya maikroni, na mkazo wa uso wa lithiamu ndani ya tundu dogo namna hiyo una nguvu ya kushangaza. Fanya hesabu: mkazo wa uso ni takriban nyutoni 0.4 kwa mita, nusu kipenyo cha tundu tuseme maikroni 15. Shinikizo linaloishikilia metali ni kama kilopaskali 53, zaidi kidogo ya nusu ya kanieneo la angahewa. Msukumo wa umeme unaomwaga dimbwi hauna ubavu wa kuing'oa metali iliyoshikwa hivyo. Tokamaki ya FTU ya Frascati, Italia, iliyokuwa na uga mkali kuliko nyingi, ikaweka limita ya lithiamu ya aina hiyo katikati ya miaka ya 2000. Haikumwagika. Zaidi ya hapo, molibdenamu kutoka kwenye limita nyingine ya chombo ikapungua ndani ya plazma, na nishati inayoangazwa ikashuka. Mwaka 2016 na 2017 FTU ikawa tokamaki ya kwanza kuwa na limita ya bati lililoyeyuka. Anayetaja kisahani cha DIII-D leo bila kutaja Frascati ameacha kusoma njiani.

Lithiamu ina fadhila nyingine ambayo kwa maoni yangu ndiyo hasa sababu ya kuihangaikia. Ukuta mgumu ukigongwa na hidrojeni huirudisha ikiwa baridi, na hidrojeni baridi inayorudi hupoza pembezo. Lithiamu huimeza. Kwenye mashine ndogo ya LTX huko Princeton, kuta zilizofunikwa lithiamu ziliwezesha kitu ambacho vitabu vilikitaja kinadharia tu: joto la elektroni karibu sawa kutoka kitovuni hadi ukingoni, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017. Plazma isiyo na mteremko wa joto haina sababu kubwa ya kuvurugwa na misukosuko inayolivusha joto nje. Si ajabu kwamba Desemba 2024 kampuni ya Tokamak Energy na serikali za Marekani na Uingereza walitangaza mpango wa dola milioni 52 wa kuboresha mashine ya ST40, ukiwamo upakaji wa lithiamu kwenye kuta zake.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani nimeshahamia kambi ya majimaji. Bado. Kambi hiyo ina hoja moja dhaifu mno inayorudiwa kuliko zote: kwamba metali iliyoyeyuka haiwezi kuharibika, kwa kuwa hakuna ufa unaoweza kutokea kwenye kioevu, na uso uliomomonyoka hujijaza wenyewe. Kila neno hapo ni kweli, na hitimisho lake ni bovu. Utando wa lithiamu wa milimita moja hauzuii nyutroni za megaelektronivolti 14 zinazotoka kwenye muungano. Zinapita na kuupiga wavu, mabomba na chuma kilicho nyuma yake, ambavyo ni vigumu na huzeeka kama vigumu vingine. Pili, uso haujijazi kwa miujiza. Unajijaza kwa sababu metali nyingine imepanda kuchukua nafasi ya iliyoondoka, na iliyoondoka imeenda mahali. Sehemu imeingia kwenye plazma, sehemu imeganda kwenye kona baridi ya chombo, pengine kwenye kioo cha kifaa cha vipimo au mdomo wa pampu. Kujijaza na kuchafua ni tukio moja linalotazamwa kutoka pande mbili. Anayekuuzia la kwanza na kulinyamazia la pili anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hesabu ya uchafu wa lithiamu si ndogo kama "namba ya atomu 3" inavyofanya ionekane. Haiangazi sana, sawa, lakini inachukua nafasi. Kila ioni ya lithiamu kitovuni hubeba chaji 3, na plazma lazima ibaki bila chaji ya ziada, kwa hiyo kwa idadi ileile ya elektroni kila lithiamu moja inafukuza ioni tatu za mafuta. Chukua plazma yenye lithiamu 10 kwa kila elektroni 100: ioni za mafuta zinabaki 70. Kasi ya muungano hutegemea mraba wa msongamano wa mafuta, na 0.7 mara 0.7 ni 0.49. Nusu ya nguvu imekwenda, wala plazma haijapoa hata kidogo. Zaidi ya nyuzi 400 na kitu lithiamu huanza kuvukiza kwa kasi, kwa hiyo joto la uso wake linapaswa kulindwa kwa ukali, jambo gumu kwenye eneo linalopokea megawati 10 kwa kila mita ya mraba. NSTX ya Princeton ilipata tabia nyingine ya kukera. Lithiamu ilituliza milipuko ya pembezoni ambayo huumiza divata, lakini milipuko ileile ndiyo iliyokuwa ikifagia uchafu nje. Ilipotulia, kaboni na metali nyingine zikaanza kujikusanya ndani.

Bati linaelekea upande wa pili. Huchemka kwa nyuzi 2,602, kwa hiyo laweza kukaa kwenye joto kubwa bila kuvukiza sana, na halibani hidrojeni kwa wingi kama lithiamu. Lakini lina elektroni 50, huangaza kitovuni karibu kama tungsteni, na likiwa la moto hula metali nyingi linazozigusa. Kipande kidogo cha bati kilichojaribiwa kwenye divata ya ASDEX Upgrade kiliongeza mionzi ya plazma, na matone madogo yanayoruka yakahusishwa na hilo. Kwa maneno mengine, bati ni tungsteni isiyopasuka. Kwa mwenye hofu ya nyufa hilo ni jema. Kwa mwenye hofu ya uchafu, kama mimi, ni nusu ya suluhisho.

Jambo linaloweza kuiangusha lithiamu ni lilelile lililoiangusha kaboni, na nashangaa jinsi linavyopitwa haraka kwenye matangazo ya kuvutia wawekezaji. Ule umezaji wa hidrojeni unaoipa plazma pembezo zenye joto unameza tritiamu pia. Lithiamu inaweza kushiba hadi atomi moja ya hidrojeni kwa kila atomi yake. Ikiwa nusu ya iliyomezwa ni tritiamu, kilo 7 za lithiamu iliyoshiba zitakuwa na tritiamu kilo 1.5, ilhali ITER imewekewa ukomo wa kama kilo 1 kwa chombo kizima. Mtambo wenye gigawati 1 ya nguvu ya muungano unateketeza takriban kilo 55 za tritiamu kwa mwaka, na ni sehemu ndogo tu ya inayoingizwa inayoungua kila mzunguko. Nyingine yote lazima ikusanywe na kurudishwa upesi. Kwa hiyo lithiamu haiwezi kukaa ukutani. Lazima itiririke, itoke nje ya chombo, ivuliwe tritiamu na kurudi ikiwa na njaa, usiku na mchana. Watetezi wake hujibu kwamba blanketi, yaani tabaka nyuma ya ukuta la kuzalisha tritiamu, litakuwa na lithiamu vilevile na litahitaji kuchujwa. Jibu hilo lina uzito, ila mchujo wa blanketi nao bado haujaendeshwa kwa ukubwa wa mtambo, na deni halilipwi kwa kuonyesha deni lingine. Halafu kuna maji: lithiamu ya moto ikikutana na maji ya kupozea hutoa hidrojeni na joto, hivyo anayeichagua anapaswa kuachana na mabomba ya maji karibu nayo, pengine ahamie heliamu.

Tungsteni ngumu nayo isipewe cheti cha bure. Ikipita nyuzi kama 1,200 chembechembe zake hujipanga upya na inakuwa kavu ya kuvunjika. Heliamu inayotoka kwenye muungano huugeuza uso wake kuwa msitu wa nyuzinyuzi ndogo. Nyutroni huongeza ukavu. ASDEX Upgrade na WEST zimethibitisha kwamba tunaweza kuishi na uchafu wake. Hazijathibitisha, wala hazikujengwa kuthibitisha, kwamba yenyewe inaweza kuishi na mtambo.

Ninapoyaweka haya yote pamoja, limita ya metali iliyoyeyuka naiona kama jaribio zuri na kituo kibaya cha mwisho. Ni jaribio zuri kwa sababu limita inagusa plazma moja kwa moja: uchafu ukivumilika pale, utavumilika popote. Ni kituo kibaya kwa sababu hiyohiyo. Mahali pa lithiamu kwenye mtambo ni chini kwenye divata, ndani ya chumba ambacho mvuke wake unaweza kuzuiliwa, ukaangaza na kutawanya joto hapohapo, kisha ukaganda na kurudi kwenye mzunguko kabla haujapanda kitovuni. Ukuta mwingine uliobaki unaweza kuwa tungsteni. Sioni sababu ya kambi hizi mbili kupigana.

Kwa anayesoma matangazo yajayo, idadi ya sekunde iwe ya mwisho kuulizwa. Kwanza nguvu iliyopita ukutani, kisha sehemu ya tungsteni au lithiamu iliyopimwa kitovuni, kisha lini ukuta ulipakwa mara ya mwisho na kwa nini. Kwa anayegawa fedha, naona uwiano umeegemea mno kwenye kuongeza ukubwa na nguvu za sumaku, wakati swali la lithiamu linahitaji kitu kidogo na cha kuchosha: mzunguko kamili wa lithiamu inayotiririka, ukipokea megawati 10 kwa mita ya mraba kwa saa nyingi mfululizo ndani ya uga wa sumaku, huku kila gramu ya hidrojeni inayoingia kwenye lithiamu na inayotolewa nje ikihesabiwa na kuchapishwa. Deuteriamu inatosha kwa kazi hiyo, kwa sababu kikemia lithiamu inaimeza karibu sawasawa na tritiamu. Hakuna haja ya leseni ya tritiamu, wala ya kungoja 2039.